Dobi wa Nusu Shati

Usiku ule niliambiwa nikae nyumbani nisubiri simu, na mimi kusubiri ni kazi ambayo sikuzaliwa nayo. Mume wangu alikuwa amepelekwa hospitali jioni, binti yetu mkubwa kaenda naye, na gari lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nikabaki na simu mezani. Nilifua pazia. Nilipanga vijiko. Nilikuwa naiwasha simu kila baada ya dakika kuhakikisha haijazimika, mpaka nikaogopa kwamba kwa kuiwashawasha nitamaliza chaji. Nikaichomeka kwenye umeme. Halafu nikaogopa umeme ukija kwa nguvu utaiunguza, nikaichomoa. Kila nilipofumba macho nilimwona alivyoanguka: pasi mkononi, mguu wa kushoto umelegea kama mguu wa suruali isiyo na mtu, mdomo umekwenda upande.

Alfajiri simu ikalia. Nikaiangusha. Nikaiokota.

"Mama, umelala?"

"Sema!"

"Baba yuko hai. Ni kiharusi, lakini anaongea."

"Anaongea? Anasema nini?"

"Anagombana na nesi. Anasema shuka la hospitali lina mikunjo, na aliyelipiga pasi ashtakiwe."

Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa furaha. Huyo alikuwa yeye mwenyewe, hakuna mwingine.

Mume wangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Pasi, na jina hilo limemganda mpaka barua ya mkutano wa wazazi shuleni ilishawahi kuandikwa "Kwa Bwana Pasi". Amesimama kwenye meza ile ile ya duka lake la udobi miaka thelathini na hataki kiti, anasema dobi anayekaa hupiga pasi za kukaa. Ukimsalimia njiani, kwanza anatazama kola yako, ndipo anaitikia. Harusini anakagua suti ya bwana harusi kabla hajamtazama bibi harusi. Na ana utaratibu wake ambao hauvunji hata nyumba ikiungua: kola, mabega, mikono, mgongo, vifua, pindo. Mwanzoni mwa ndoa yetu niliwahi kumpigia shati moja nikaanza na mgongo. Alilirowesha tena.

Nilipofika wodini asubuhi ile, kiti cha wageni kilikuwa kushoto kwa kitanda. Nikakaa. Nikamsalimia. Hakugeuka. Alikuwa amemkazia macho binti yetu aliyesimama upande wa kulia, na nikamsikia akimwuliza, "Mama yako mbona hajaja?"

Nikajua mambo yameharibika. Nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na nane, namjua akinuna. Lakini kanuna kwa lipi, na mwenyewe katoka kufa jana? Nikaanza kukagua makosa yangu moja moja, na nilipofika kwenye koti nikaona ndilo.

"Baba watoto, nisamehe," nikanong'ona. "Lile koti lako la kijivu halikuibwa. Nilimpa kaka yangu."

Akashtuka. Akamgeukia nesi aliyekuwa anampima joto upande wa kulia, akamtumbulia macho. "Kumbe ni wewe dada uliyempa kaka yako koti langu?"

"Koti gani tena, mzee? Mimi nimeingia zamu saa moja hii."

"Saa moja tu, na koti tayari limetoka!"

Binti yangu akanishika mkono akanizungusha kitanda mpaka upande wa pili. Pasi aliponiona uso ulimchanua, ule upande uliokuwa unaweza kuchanua.

"Aa, mama watoto! Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikasema, na nikashukuru kwamba lile la koti limebaki kwa nesi.

Chakula kilipoletwa alikula kikaisha upande mmoja wa sahani, akaisukuma. "Hospitali hii wana mkono wa birika," akasema. "Mgonjwa mzima wanampa nusu sahani." Nikaigeuza sahani nione kama macho yangu yananidanganya, na yeye akapiga kelele, "Enhe! Ulikuwa umekificha wapi?" Akala nusu iliyobaki. Tangu siku hiyo kila akimaliza kula alikuwa ananitazama mikono, akingoja nitoe sahani ya pili.

Mkono na mguu vilirudi taratibu. Baada ya wiki mbili alikuwa anatembea na fimbo, mdomo umekaa sawa, na daktari akaturuhusu. Mimi nikadhani tumemaliza. Ni kweli alikuwa anagonga bega la kushoto kwenye kila mlango, na alikuwa ananyoa ndevu za shavu moja, lakini nikasema moyoni mtu aliyetoka hospitali ana uchovu wake.

Kisha akaja Karani.

Karani ni jirani yetu, anafanya kazi ofisini, na hajawahi kuonekana bila shati jeupe. Alikuja kumjulia hali rafiki yake, kakumbatia mfuko wenye shati.

"Pasi ndugu yangu, wewe ukiumwa naumwa na mimi. Yule dobi wa barabara ya juu anapiga pasi kama anaua mende."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Akataka pasi. Nikamletea ile ndogo ya nyumbani, nikamtandikia blanketi mezani, nikaenda jikoni nikimsikia anaimba, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza. Alilikunja shati vizuri, akalikabidhi. Karani akaondoka nalo bila kulifunua, kwa heshima.

Kesho yake jioni alirudi. Alisimama katikati ya sebule yetu, akavua koti polepole. Shati lilikuwa nusu limenyooka kama karatasi mpya, na nusu limekunjamana kama limetoka kwenye tumbo la ng'ombe. Mpaka ulikuwa katikati, umekwenda sawasawa na mstari wa vifungo.

"Shemeji," akaniambia, "leo kulikuwa na joto. Nimevua koti mbele ya kikao kizima. Bosi kaniuliza kama nililala ubavu mmoja."

Pasi akalitazama shati. "Na unalalamika nini? Limenyooka."

"Limenyooka wapi?"

"Hapo!" akaonyesha upande mzuri.

"Na hapa?"

"Karani, usitafute ugomvi na mgonjwa."

Nikanusa moshi. Pasi alikuwa ameomba tena ile pasi jioni ile anyooshe leso zake, na kumbe aliiweka pembeni kushoto ikiwa bado inawaka, akaisahau kama vile haijawahi kuumbwa. Blanketi lilikuwa limetoboka, na mbao ya meza chini yake inafuka. Nikamwaga ndoo nzima ya maji, nikawalowesha wote wawili, na shati la Karani likakunjamana pande zote, angalau likalingana.

Usiku huo huo binti yetu akakata kauli. Ufunguo wa duka utakaa kwangu, na duka halitafunguliwa mpaka mtaalamu wa hospitali aandike kwamba Baba anaweza. Nikautia kwenye kamba nikauvaa shingoni.

"Miaka thelathini," Pasi akasema, "leo nanyang'anywa ufunguo kama mtoto anayechezea kiberiti?"

"Umeunguza blanketi."

"Blanketi gani?"

"Hilo hapo. Kushoto kwako."

Akatazama mbele, akatazama kulia. "Hakuna blanketi hapa," akasema, na hakuwa anatania. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Kuanzia kesho yake kila asubuhi alivaa, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa. Wateja wakipita anawaambia, "Nafungua kesho." Wanasema sawa, wanapita. Mchana anarudi amechoka kuliko siku alizokuwa anapiga mashati arobaini. Mtu ambaye hakuwahi kutaka kiti sasa anashinda amekaa. Nilikuwa nawaza, tukimfungia sana atakufa kwa kukaa, na tukimfungulia atakufa kwa moto. Mimi ndiye niliyevaa ufunguo.

Mtaalamu alikuwa msichana wa rika la binti yangu, mpole, kalamu imechomekwa nyweleni. Kazi yake ni kuwapima waliopata kiharusi kama wanaweza kurudia shughuli zao, na kwa kuwa huwachoresha watu wazima, wagonjwa wote wanamwita Mwalimu. Aliniruhusu nikae ndani, kosa lake la kwanza.

Alinyoosha mikono pande mbili, akachezesha kidole cha kushoto peke yake. Pasi akakiona. Akachezesha cha kulia. Akakiona. Akachezesha vyote viwili kwa pamoja.

"Kulia," Pasi akasema.

"Kulia tu?"

"Mwalimu, mimi sioni vitu ambavyo havipo."

Akampa karatasi yenye mstari, aweke alama katikati. Aliiweka karibu na mwisho wa kulia. Akamwambia achore saa. Akachora duara safi kabisa, halafu akazijaza namba zote kumi na mbili upande wa kulia, zimebanana kama watu wanaokwepa mvua chini ya ukuta mmoja. Mwisho akampa karatasi iliyojaa nyota, azikate zote kwa kalamu. Akakata za kulia kwa bidii, akaweka kalamu chini.

"Umemaliza zote, Baba?"

"Mimi si mvivu."

Mwalimu akanieleza taratibu. Macho ya mzee ni mazima. Kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo, na sasa ubongo haujishughulishi na chochote kilicho kushoto. Hapuuzi kwa makusudi. Kwake yeye upande ule haupo, ndiyo maana hata hautafuti. "Mtu hatafuti kitu asichojua kwamba kimepotea," akasema. "Siwezi kumruhusu ashike pasi ya moto. Mrudi baada ya wiki nne, nitampima tena."

Alipokuwa anaandika, karatasi moja ya nyota ilianguka chini. Nikaisaidia kuingia kwenye mkoba wangu.

Shule nilisoma kidogo, lakini jambo moja la shule nalikumbuka vizuri: aliyejua maswali alifaulu. Nikatafuta penseli, nikatoa kwa mkono nakala kumi na tano za nyota, nikafungua darasa jikoni. Mwanafunzi alikuwa hodari kuliko nilivyotegemea, ila nyota alikuwa hazikumbuki, mpaka nilipomwambia karatasi ni shati.

"Shati?"

"Lipo mbele yako. Tafuta ukingo kwa kidole, huko huko, endelea, hapo. Kola ngapi?"

"Kola mbili," akasema, akakata nyota mbili za juu.

"Bega?"

"Moja."

"Mgongo?"

"Tatu. Na pindo moja."

"Hizo saba ndizo za kushoto. Ukimaliza, za kulia unazijua mwenyewe."

Saa nayo tukaifanyia hivyo hivyo: kumi na mbili juu, sita chini, tatu huku, tisa ukingoni. Mstari tukaupima kwa dole gumba. Binti yangu akaingia akatukuta tunaimba kola mbili bega moja.

"Mama, mnafundishana mtihani?"

"Tunafanya mazoezi."

"Huu ni wizi wa mtihani!"

"Wizi ni pale mtu anapopoteza kitu. Hapa nani kapoteza?"

Akashika kiuno, akamtazama baba yake aliyekuwa amevaa kiatu kimoja cha kulia na hana habari, akatoka.

Siku ya kupimwa nilimvalisha mwenyewe. Tukaingia. Mstari, katikati. Saa, safi, ungeweza kuitundika ukutani. Nyota zote zimekatwa, hata moja haikubaki. Mwalimu alifurahi mpaka akapiga makofi, na mimi nikaanza kuufungua ufunguo shingoni, nikifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana asubuhi ile ile mtu huyu alikuwa kapaka mafuta uso nusu.

Sijui kama Mwalimu aliuona ule uso unavyong'aa upande mmoja. Alimtazama kidogo, akavuta droo, akatoa karatasi nyingine. "Hii ya mwisho, Baba." Nyota zilikuwa zimepangwa tofauti.

Pasi akatafuta ukingo kwa kidole. Midomo inachezacheza. Akakata mbili juu, mahali ambapo hapakuwa na nyota hata ya dawa. Akakata moja pembeni, hewa. Tatu katikati, hewa.

"Baba, hapo umekata nini?"

"Bega."

"Bega la nani?"

Mwalimu akageuka kwangu. Mimi nilikuwa nakagua kucha zangu, ambazo ghafla nilikuta zina mambo mengi.

"Mama?"

Nikasema yote. Mpaka karatasi ya kwenye mkoba nikaitoa, nikaiweka mezani, nikainyoosha kwa kiganja.

Nilitegemea atafoka. Alicheka mpaka kalamu ikamtoka nyweleni, kisha akafuta macho, akaenda kabatini akarudi na shati na pasi isiyochomekwa. "Sasa hakuna karatasi," akasema. "Baba, nipigie hili, kama uko dukani."

Ungemwona. Mgongo ulimnyooka, akaacha fimbo, akatelezesha ile pasi baridi kwa mkono wa bwana. Kola, mabega, mikono. Yaani kola nusu, bega moja, mkono mmoja. Mwalimu alikuwa amelinyunyizia shati unga mweupe kidogo, na pasi ilipopita, unga ulifutika. Pasi akarudi nyuma hatua moja. "Tayari."

"Limekamilika?"

"Kalivae."

Mwalimu akalishika shati kwa ncha akaligeuza mezani, kola ikaja kwa Pasi na pindo likaenda mbali. Unga wote uliobaki ukahamia upande wa kulia.

Pasi akainama. Uso ukakunjamana kwa hasira ya kazi. "Nani kaharibu shati hili?"

"Ndilo lile lile, Baba. Nimeligeuza tu."

Akaligeuza mwenyewe, unga ukapotea. Akaligeuza tena, ukarudi. Alifanya hivyo mara nne au tano, na hakuna mtu aliyecheka. Halafu akakaa kwenye kiti. Yeye, kwenye kiti, mbele ya meza ya pasi.

"Kwa hiyo Karani hakunisingizia."

"Hakukusingizia," nikasema.

"Na blanketi?"

"Liliungua, baba watoto."

Akafikiri. "Na siku ile hospitali, kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kushoto?"

"Kushoto."

Akanitazama. "Basi koti ulilitoa wewe."

"Naomba tuzungumze nyumbani," nikasema.

Mwalimu alituambia tumejifunza karatasi, hatukujifunza kushoto. Mzee sasa amejionea mwenyewe kwamba kuna upande anaupoteza, na hapo ndipo pa kuanzia. Akanipa utepe mwekundu. Niushone ukingo wa kushoto wa kitambaa cha meza, na kazi yake Pasi kabla ya kufanya lolote ni kugeuza kichwa mpaka auone wekundu, ndipo aanze. Asipouona, hajafika.

Mimi kitu kikinisaidia kidogo huwa nakifanya kingi. Nilishona utepe kwenye kitambaa, nikashona kwenye mto, kwenye taulo, nikafunga kwenye kikombe, kwenye mguu wa kitanda, kwenye fremu ya kila mlango. Halafu nikaona upande wa kulia umekaa uchi, nikashona na huko, uwe na wenzake. Mwalimu alipokuja kutukagua, alikuta Pasi ameketi katikati ya sebule nyekundu tupu, anageuza kichwa huku na huku kama feni.

"Mama, hivi vya kulia ni vya nini?"

"Vya urembo."

"Anapouona wa kulia anadhani amefika."

"Ndiyo maana nilikuwa namaliza haraka," Pasi akasema.

Nikatoa vya kulia vyote. Wiki za mwanzo ilikuwa vita. Anasahau, namkumbusha, ananifokea, nanyamaza, anasahau. Nilijifunza kukohoa: kikohozi kimoja maana yake geuza kichwa. Lakini kidogo kidogo alianza kugeuka bila kikohozi. Siku moja nilikuwa nimekaa kushoto kwake nafuma, yeye anakunywa chai, mara akageuza kichwa polepole mpaka mwisho akanikuta. "Aa," akasema, "na wewe upo." Akarudi kwenye chai yake. Nilikwenda chooni nikalia huko, ili asiulize.

Mwezi wa tatu wa mazoezi Mwalimu akasema tuanze kupunguza utepe, tukautoa mmoja baada ya mwingine. Kisha akaja nyumbani akampima kwa pasi ya moto, yeye amesimama karibu, mkono kwenye swichi. Mashati mawili ya kwanza Mwalimu aliyageuza mara tatu akitafuta mkunjo akakosa. La tatu akamwita Karani akae amwongeleshe. Karani kwa kuongea hahitaji kulipwa. Alianza na habari za bosi wake, akaingia za dobi wa barabara ya juu, na Pasi, akiitikia, akamaliza mkono wa kulia akashika mgongo. Kikohozi kikanipanda kooni. Nikakimeza. Pasi akaiacha pasi imesimama, akageuza kichwa, akasema, "Subiri Karani, kuna mkono unaningoja," akaufuata.

"Kazi ya pasi nimeiridhia," Mwalimu akaniambia mlangoni. "Lakini dukani atakuwa peke yake. Nataka nimwone anaingia kazini mwenyewe, bila utepe na bila mtu wa kumkumbusha. Akiweza, naandika leo leo, anaanza. Akihitaji hata neno moja, tungoje miezi mitatu mingine."

Miezi mitatu kwenye kizingiti. Sikulala.

Asubuhi tukawa mbele ya duka: Mwalimu na fomu yake, binti yangu, Karani na mfuko wa mashati, maana yeye alishajiandalia ushindi. Nikauvua ufunguo shingoni nikampa mume wangu. Ulikuwa na joto la mwili wangu.

"Asiyehusika asiseme neno," Mwalimu akatangaza. Akanigeukia. "Mama, hata kikohozi."

"Nikipaliwa je?"

"Upaliwe kimya kimya."

Mlango wa duka letu ni wa mbao, wa mabawa mawili. La kulia lina kufuli, la kushoto linashikwa na makomeo kwa ndani, moja juu na moja chini. Yote mawili yasipofunguliwa, mwanga haufiki kwenye meza, na dobi gizani ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Pasi aliufungua hivyo miaka thelathini bila kufikiri.

Akasafisha koo. Akafungua kufuli. Akasukuma bawa la kulia, likalia kwa kukaa muda mrefu, likafunguka. Akaipokea harufu ya wanga na nguo, akavuta pumzi, akapiga hatua kuingia.

Bega la kushoto likagonga bawa lililofungwa. Puu!

"We nani umesimama hapa?" akafoka.

Karani akafungua mdomo. Binti yangu akamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa nimeshika leso kwa meno, koo linaniwasha kama nimemeza pilipili nzima, na Mwalimu ameishusha kalamu karibu kabisa na karatasi.

Pasi alirudi nyuma hatua moja, akautazama mwanga ulioingia ndani. Ulikuwa ukanda mwembamba, umeangukia kona ya kulia ya meza. Akakuna kichwa.

"Mbona meza yangu ni nyembamba hivi?" akajiuliza.

Akasogea mbele, akaweka kiganja cha kulia kwenye fremu, na kutoka hapo akaanza kugeuza kichwa. Polepole. Akapita mwanga, akapita giza, akaendelea. Shingo ilipofika mahali ambapo zamani ilikuwa inasimama, ikasimama. Niliuma leso. Ikaendelea tena, kidogo, kidogo tena, mpaka kidevu kikawa juu ya bega la kushoto, na pua yake imekaribia kugusa mbao.

"Haa," akaliambia lile bawa. "Kumbe ni wewe."

Akapitisha mkono nyuma ya bawa, akatafuta komeo la juu, akaliteremsha. Akainama akashika la chini. Lilikuwa limekaza, akaliongelesha maneno mawili ambayo sitayaandika, likatoka. Kisha akasimama wima, akaweka mikono yote miwili kwenye mbao, wa kulia na wa kushoto, akasukuma.